NT-proBNP, potasiamu, kreatinini na wenzake: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu vipimo vya damu kwa anayetibiwa moyo kushindwa

Ukurasa huu ni wa mtu ambaye ameshaambiwa moyo wake hausukumi damu inavyotakiwa, yuko kwenye dawa, na kila akienda kliniki anatolewa damu alafu anarudishiwa karatasi yenye namba ambazo hakuna aliyekaa naye akamwelewesha. Ni wa anayemuuguza pia, maana mara nyingi yeye ndo anabeba faili na kukumbuka dozi. Lengo sio ujibadilishie dawa nyumbani, hapana, lengo ni ukikaa mbele ya dokta ujue anaangalia nini na wewe umuulize nini.

BNP na NT-proBNP zinapima nini hasa?

Misuli ya moyo ikivutika kupita kiasi kwa sababu damu imejaa na presha ndani ya vyumba vyake imepanda, hasa vile vyumba vya chini, inatengeneza protini inaitwa proBNP. Protini hiyo ina amino asidi 108, inakatwa vipande viwili. Kipande kimoja ni BNP yenyewe, amino asidi 32, na hiki kina kazi ya kweli, kinalegeza mishipa ya damu na kuzisukuma figo zitoe chumvi na maji. Kipande cha pili ni NT-proBNP, amino asidi 76, hiki hakifanyi kazi ya homoni ila kinabaki kwenye damu kwa mda mrefu zaidi kwa hiyo kinapimika kirahisi. BNP nusu yake inaisha kwenye damu ndani ya kama dakika 20, NT-proBNP inachukua saa moja mpaka mbili.

Kwa hiyo kipimo hakionyeshi mishipa imeziba au valvu imeharibika au nini, kinaonyesha tu moyo umebanwa kiasi gani sasa hivi. Chanzo cha kubanwa kinatafutwa kwa njia nyingine, eko (picha ya moyo ya ultrasound) ikiwemo.

Wanasayansi wa Japani waliigundua BNP mwaka 1988 kwenye ubongo wa nguruwe, baadae ndo ikajulikana kwamba moyo ndo kiwanda chake kikuu.

Namba ya kawaida ni ngapi?

Inategemea unaulizia nini. Mtu ambaye hajajulikana kama ana tatizo, kaja kliniki kwa miguu yake analalamika kuchoka na kuvimba miguu, NT-proBNP chini ya 125 pg/mL au BNP chini ya 35 inafanya dokta aangalie kwingine kwanza. Aliyeletwa emajensi anahema kwa shida, mipaka ni NT-proBNP 300 na BNP 100, chini ya hapo uwezekano kwamba moyo ndo umeleta ile shida ya pumzi ni mdogo. Na kule emajensi kuna mipaka ya juu inayofuata umri kwa NT-proBNP, ukiivuka moyo kushindwa kunashukiwa zaidi, 450 kwa aliye chini ya miaka 50, 900 kwa wa 50 mpaka 75, na 1,800 kwa aliyezidi 75.

Sasa hapa watu wengi wanachanganyikiwa. Hizo namba zimewekwa kwa ajili ya kutafuta ugonjwa. Wewe ugonjwa wako umeshajulikana, uko kwenye matibabu, hakuna anayetegemea ufike 125. Kuna watu wanaishi vizuri miaka na miaka, wanafanya kazi zao, na NT-proBNP yao inacheza kwenye 700 au 900. Maabara itaiwekea alama ya nyota au herufi nyekundu kila mara kwa sababu mashine inalinganisha na mtu mzima wa afya, na ile nyekundu inakosesha watu usingizi bure kabisa.

Mimi nina 1,800 na mwenzangu wa kliniki ana 600, mimi ndo niko pabaya zaidi?

Huwezi kusema hivyo kwa namba peke yake. Ni kweli kwa ujumla, ukichukua kundi kubwa la wagonjwa, wenye namba kubwa wanalazwa zaidi na wanafariki zaidi kuliko wenye namba ndogo, hilo limeonekana tena na tena. Lakini ukichukua watu wawili tu ukawaweka pamoja kuna mambo mengi yanaingilia.

Umri unapandisha. Figo zikiwa zimechoka zinapandisha, na NT-proBNP ndo inaguswa zaidi kwa sababu figo zina sehemu kubwa ya kuiondoa. Moyo kupiga bila mpangilio kunapandisha hata kama hujajaa maji. Damu kuganda kwenye mapafu, maambukizi makali yaliyoingia kwenye damu, ugonjwa wa mapafu uliokomaa, vyote vinapandisha. Alafu kuna kimoja kinachofanya kinyume na ndicho kinachopitwa sana: unene uliopitiliza unashusha. Mtu mnene sana anaweza kuwa amejaa maji kweli, miguu imevimba, hawezi kulala chali, na namba yake ikaonekana ya wastani tu, kwa hiyo yeye namba ndogo isimpe raha ya haraka.

Na aina ya ugonjwa nayo ina mchango. Wale ambao moyo wao unasukuma vizuri ila umekakamaa na haujazi damu inavyopaswa, mara nyingi namba zao ni za chini kuliko wale ambao moyo umepanuka na kusukuma kidogo. Ndo maana linganisho la maana ni wewe na wewe, wewe wa leo na wewe wa kipimo kilichopita, mwenzako muache na karatasi yake.

Ilikuwa 900, sasa ni 1,050. Dawa zimegoma?

Hapana, hiyo bado ni mchezo wa kawaida wa mwili. Hizi homoni zinapanda na kushuka zenyewe kutoka siku hadi siku hata kwa mtu ambaye hali yake haijabadilika chochote, na maabara yenyewe ina tofauti zake ndogo. Kwa kawaida madaktari wanaanza kuamini kwamba kuna kitu kimebadilika kweli pale NT-proBNP inapopanda au kushuka kwa asilimia 30 au zaidi. Toka 900, asilimia 30 juu ni 1,170, asilimia 30 chini ni 630. Chukua kalamu ufanye hesabu hiyo kwa namba yako kabla hujaanza kuwapigia ndugu simu.

Kwa aliyelazwa hesabu hiyo hiyo ina uzito mkubwa. Aliyeingia wodini na 6,000 akatoka na 3,500, yaani imeshuka zaidi ya asilimia 30, matarajio yake ni mazuri kuliko aliyeingia na 6,000 akatoka na 5,600, hata kama wote wawili wanasema wanajisikia nafuu na wote wanataka kwenda nyumbani. Huyo wa pili ndo wa kufuatiliwa kwa karibu sana, maana kuna uwezekano mkubwa anatoka bado ana maji ya ziada mwilini.

Kama namba inaonyesha hali, kwanini dokta asiongeze tu dawa mpaka ishuke?

Wazo hilo limejaribiwa kwa zaidi ya miaka 20 na majibu yake hayakuwa mepesi. Mwaka 2000 utafiti mdogo wa New Zealand, wagonjwa 69 tu, ulionyesha kwamba waliotibiwa kwa kufuata namba walipata matatizo machache kuliko waliotibiwa kwa kuangalia dalili. Watu wakafurahi sana. Zikafuata tafiti nyingine, zingine zikasema ndiyo zingine hapana. TIME-CHF ya mwaka 2009, wagonjwa 499, kwa ujumla haikuonyesha faida kwenye lengo lake kuu ila walio chini ya miaka 75 walionekana kunufaika, wazee zaidi ya hapo hawakunufaika.

Alafu ikaja GUIDE-IT, matokeo yakatoka 2017. Wagonjwa 894 ambao moyo wao unasukuma kidogo, nusu wakatibiwa kwa lengo la kushusha NT-proBNP chini ya 1,000, nusu wakatibiwa vizuri kwa njia ya kawaida. Utafiti ulisimamishwa kabla ya mda wake kwa sababu tofauti haikuwepo, kila upande kama 37 kwa kila 100 walilazwa kwa ajili ya moyo au walifariki kwa ugonjwa wa moyo na mishipa.

Wengi walisoma hapo wakasema kipimo hakina maana. Mimi siisomi hivyo. Ukiangalia ndani, baada ya mwaka waliofika chini ya 1,000 walikuwa asilimia 46 upande wa namba na asilimia 40 upande wa kawaida, yaani karibu sawa, na dozi za dawa walizofikia nazo zilikaribiana. Kama pande mbili zimekunywa dawa zinazofanana na namba zimeshuka kwa kufanana, utategemea vipi matokeo yatofautiane? Kipimo peke yake hakitibu mtu, kinachotibu ni dawa inayoongezwa baada ya kipimo. Ni kama mshale wa joto kwenye gari, ukipanda hautibu injini, unakwambia simama uangalie maji.

Ndo sababu miongozo mikubwa haisemi kila mgonjwa atibiwe kwa kufukuzia namba fulani. Mwongozo wa NICE wa Uingereza wa mwaka 2018, kwa mfano, unasema njia hiyo ifikiriwe kwenye kliniki za wabobezi tu, kwa wagonjwa wa moyo unaosukuma kidogo walio chini ya miaka 75 na ambao figo zao zinachuja vizuri, zaidi ya 60 kwenye eGFR, ile namba ya maabara inayokadiria figo zinachuja kiasi gani.

Sasa kama hakitibu, kinasaidia wapi?

Hapa ndo pa kukaa kidogo. Mwaka 2022 yalitoka matokeo ya STRONG-HF, wagonjwa 1,078 waliokuwa wamelazwa kwa moyo kushindwa. Upande mmoja waliendelea na utaratibu uliozoeleka. Upande wa pili waliongezewa dawa kwa kasi, nusu dozi kabla ya kutoka hospitali na dozi kamili wiki mbili baadae, na wakaitwa kliniki wiki ya 1, ya 2, ya 3 na ya 6, kila mara wanapimwa presha, mapigo, figo, potasiamu na NT-proBNP. Baada ya siku 180, waliolazwa tena kwa moyo au kufariki walikuwa asilimia 15.2 upande wa kasi na asilimia 23.3 upande wa kawaida. Huo nao ulisimamishwa mapema, ila safari hii kwa sababu faida ilikuwa wazi na haikuwa haki kuwaacha wengine nyuma.

NT-proBNP ilifanya kazi gani pale? Ilikuwa mlinzi. Kama imepanda zaidi ya asilimia 10 juu ya ile aliyotoka nayo hospitali, dokta anasimamisha kwanza kuongeza ile dawa ya kushusha mapigo, kama bisoprololi au kabediloli, maana dawa hizo zikiongezwa mtu akiwa amejaa maji zinaweza kumzidishia, na anafikiria kuongeza dawa ya kukojosha. Kama haijapanda na vipimo vingine viko sawa, anaongeza bila kusita. Yaani kipimo kilimpa dokta ujasiri wa kwenda mbele haraka. Kwa maoni yangu hiyo ndo kazi yake bora kuliko zote, kwa sababu tatizo kubwa kwenye ugonjwa huu ni wagonjwa wanaobaki kwenye dozi ya kuanzia miezi na miaka kwa vile "anaonekana yuko sawa tu".

Kwa hiyo ukitoka hospitali uliza wazi, NT-proBNP yangu ya kutokea ni ngapi, na dozi kamili ya kila dawa yangu ni ngapi. Ziandike. Dokta atakayekuona wiki ijayo anaweza asiwe yule yule.

Nimeanzishwa sakubitrili na valsartani, BNP ikapanda. Niogope?

Uliza kwanza ni kipimo kipi. Sakubitrili inazuia kimeng'enya kinachoitwa neprilisini, na moja ya vitu ambavyo kimeng'enya hicho huvunja ni BNP yenyewe. Ukikizuia, BNP inabaki kwenye damu, namba inapanda, na hiyo ni sehemu ya dawa inavyofanya kazi. NT-proBNP haivunjwi na neprilisini kwa hiyo yenyewe inaendelea kusema ukweli, na kwa anayeitikia dawa kwa kawaida inashuka. Kama hospitali yako inapima BNP tu, dokta anatakiwa ajue uko kwenye dawa hii kabla hajasoma jibu. Na kingine, usilinganishe BNP ya hospitali moja na NT-proBNP ya nyingine, hizo ni namba mbili tofauti kabisa, BNP 300 na NT-proBNP 300 sio kitu kimoja.

Kwanini potasiamu na kreatinini zinapimwa mara nyingi kuliko hata hiyo ya moyo?

Kwa sababu hizi ndo zinaweza kukuumiza wiki hii hii. Kreatinini ni taka ya misuli ambayo figo huitoa, figo zikilegea inapanda, na dawa za moyo karibu zote zinapita kwenye figo au zinagusa chumvi za mwili. Dawa za kukojosha kama furosemaidi zinatoa potasiamu kwenye mkojo, ikishuka sana mapigo yanavurugika. Spironolaktoni, enalaprili, losartani na valsartani zinafanya potasiamu ibaki, ikipanda sana mapigo yanavurugika vile vile, na ubaya wa potasiamu iliyopanda ni kwamba mtu anaweza asisikie chochote mpaka imefika pabaya. Hakuna dalili ya nyumbani unayoweza kuitegemea, ni damu tu ndo itasema.

Maabara nyingi zinaweka kawaida kati ya 3.5 na karibu 5.0. Ikivuka 5.5 kwa aliye kwenye spironolaktoni, dokta kwa kawaida anapunguza dozi nusu na kurudia kipimo mapema, ikifika 6.0 dawa inasimamishwa. Ukianzishwa spironolaktoni damu inatakiwa irudiwe baada ya wiki 1 na tena wiki ya 4, na hapo ndo watu wengi wanapotea, wanapewa dawa ya mwezi mzima alafu tarehe ya damu hakuna. Usiondoke bila tarehe.

Kuna kitu kidogo cha pale kwenye kiti cha kutolea damu ambacho wengi hawakijui. Mtu akifungwa kamba ya mkono ikakazwa mda mrefu huku anaambiwa kunja ngumi, kunjua, kunja, kunjua, potasiamu inatoka kwenye misuli na chembe za damu zinaweza kupasuka, jibu linakuja juu kuliko ilivyo kweli. Kwa hiyo jibu likishtua na wewe uko sawa, kurudia sampuli haraka ni jambo la kawaida, alafu safari hii mkono ulegezwe. Ila usilifanye hili kisingizio cha kupuuza jibu kubwa, mpaka irudiwe lichukulie kama kweli.

Na ile chumvi mbadala inayouzwa kama salama kwa wenye presha, nyingi zimetengenezwa kwa potasiamu. Kwa aliye kwenye hizi dawa ni hatari, mwambie dokta kama unaitumia.

Kreatinini imepanda baada ya dawa mpya. Figo zinakufa, niache?

Usiache kwanza, piga simu. Dawa kama enalaprili, valsartani na zile za kundi la dapagliflozini na empagliflozini zinapunguza presha ndani ya vichujio vya figo, kwa hiyo mwanzoni kreatinini inapanda kidogo na eGFR inashuka kidogo, alafu inatulia. Kushuka huko kwa mwanzo sio kuharibika, kwa mda mrefu kundi hili la dapagliflozini limeonekana kulinda figo.

Kwenye dawa za kundi la enalaprili, kreatinini kupanda mpaka asilimia 50 juu ya ile ya mwanzo inavumilika, mradi isizidi 266 kwa kipimo cha mikromoli, ambayo ni 3 kwa kipimo cha miligramu, na mradi potasiamu haijazidi 5.5. Ikiongezeka mara mbili hapo ni suala lingine, dawa inasimamishwa na mtaalamu anatafutwa. Katikati ya hapo dokta anaangalia vingine, je dawa ya kukojosha imezidi na umekauka, je unaharisha au kutapika, je kuna vidonge vya maumivu unavyokunywa pembeni kama diklofenaki au ibuprofeni. Inaniuma nikiona mtu ameachishwa dawa inayompa miaka kwa sababu ya kreatinini iliyosogea kidogo tu na hakuna aliyeirudia baada ya wiki.

Kwanini wanataka kujua madini ya chuma wakati damu yangu ni nyingi?

Kwa sababu chuma kinaweza kuwa pungufu kabla damu haijapungua, na misuli, wa moyo ukiwemo, inakihitaji ili itengeneze nguvu. Kwenye moyo kushindwa upungufu wa chuma unahesabiwa tofauti na kwa watu wengine: ferritini (protini inayohifadhi chuma) chini ya 100, au kati ya 100 na 299 huku transferini (protini inayosafirisha chuma kwenye damu) iliyobeba chuma ikiwa chini ya asilimia 20. Sababu ni kwamba ferritini hupanda na uvimbe wa ndani kwa ndani ambao ugonjwa huu unauleta, kwa hiyo inaweza kuonekana nzuri na sio nzuri. Vidonge vya chuma vilijaribiwa kwenye utafiti wa IRONOUT, matokeo yakatoka 2017, na havikuongeza uwezo wa wagonjwa kufanya mazoezi. Chuma cha kuingizwa kwenye mshipa ndo kimeonyesha faida, hasa kwa wale ambao moyo unasukuma kidogo.

Troponini, ST2, galektini-3, CA-125, hizi nazo nizitafute?

Usizitafute mwenyewe. Troponini inaonyesha chembe za misuli ya moyo zinazoumia, na kwenye moyo kushindwa inaweza kuwa juu kidogo mda wote bila mshtuko wa moyo. ST2 na galektini-3 zinaelekea kwenye makovu na uvimbe ndani ya moyo, zinasaidia kukadiria hatari ila hazijawa vipimo vya kuongozea dozi kila siku.

CA-125 naitaja kwa sababu moja. Wanawake wengi wanaijua kama kipimo kinachohusiana na saratani ya ovari, wakiiona juu wanakata tamaa. Kwenye moyo kushindwa inapanda pia kwa wanaume na wanawake pale maji yanapojaa mwilini, na baadhi ya wataalamu wanaitumia kuongozea dawa za kukojosha. Kwa hiyo ikiwa juu wakati umejaa maji, uliza kama itarudiwa maji yakishatoka.

Nifunge kabla ya kupimwa?

Kwa BNP na NT-proBNP hapana, kula, kunywa, meza dawa zako kama kawaida. Ila kama unameza biotini kwa wingi kwa ajili ya nywele na kucha sema, maana inavuruga baadhi ya mashine. Na jitahidi upime maabara ile ile. Angalia pia kizio, pg/mL na ng/L ni sawasawa, lakini zipo maabara zinazotoa pmol/L na hapo namba ya NT-proBNP inakuwa ndogo zaidi ya mara 8. Mtu anafurahi ameshuka kutoka 1,700 mpaka 200, kumbe amebadilisha maabara tu.

Namba haishuki kabisa na nakunywa dawa zote. Tuangalie nini?

Kwanza "zote" tuihakikishe, leta vidonge vyenyewe mezani, sio karatasi. Mara nyingi inaonekana kimoja kiliisha tangu mwezi jana, au mbili kwa siku zimekuwa moja kwa sababu mtu anaogopa kukojoa njiani. Hilo la mkojo ni la kweli kabisa na linatatulika kwa kubadili saa ya kumeza, ongea nalo bila aibu.

Pili dozi, je zimepandishwa au bado ni zile za kuanzia? Je makundi yote manne yapo kwa ambaye moyo unasukuma kidogo, yaani kundi la sakubitrili au enalaprili, la bisoprololi, la spironolaktoni na la dapagliflozini? Alafu chumvi, vidonge vya maumivu, pombe. Alafu moyo wenyewe, umeanza kupiga bila mpangilio, valvu inavuja, kuna mshipa umeziba? Na nje ya moyo, tezi ya shingo, upungufu wa damu, figo, mapafu.

Kuna wachache ambao baada ya yote hayo namba inabaki juu. Hao wanatakiwa waonwe na mtaalamu wa moyo kushindwa mapema, kwa sababu kuna vifaa na njia nyingine ambazo zikichelewa sana haziwezekani tena.

Namba imeshuka, eko imekuwa nzuri. Sasa niache dawa?

Naomba sana usiache. Swali hili lilijaribiwa kwenye utafiti wa TRED-HF, wagonjwa 51 ambao moyo wao ulikuwa umepanuka alafu ukapona kabisa kwa vipimo, hawana dalili na NT-proBNP yao iko chini. Waliopunguziwa dawa taratibu mpaka zikaisha, ndani ya miezi 6 asilimia 44 ugonjwa ulirudi. Walioendelea na dawa ndani ya mda huo hakuna hata mmoja aliyerudiwa. Namba nzuri ni kwa sababu dawa zipo.

Kuna siku najisikia vibaya lakini namba ni ile ile. Niamini kipi?

Amini mwili na nenda uonwe. Kipimo ni cha siku moja asubuhi, wewe unaishi na mwili siku zote. Uzito ukipanda zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3, miguu ikavimba kuliko jana, ukahitaji mito zaidi ili ulale, au ukaamka usiku unatafuta hewa, usisubiri tarehe ya damu, piga kliniki siku hiyo hiyo. Ukihema kwa shida ukiwa umekaa tu, maumivu ya kifua, kuzimia, au mate yenye povu la rangi ya waridi, hiyo ni emajensi.

Na kinyume chake kipo, mtu anajisikia vizuri kabisa na NT-proBNP imepanda maradufu toka kipimo kilichopita. Hapo usiridhike na "niko sawa". Mwambie dokta apime uzito, asikilize mapafu, aangalie mapigo kwenye ECG, arudie figo na potasiamu, na kama hakuna jibu la wazi kipimo kirudiwe ndani ya wiki moja au mbili badala ya kusubiri miezi mitatu.